Kutoka Kapolowe Hadi Kilwa: Mwongozo kwa Mke na Mume Wanaotaka Kusafiri kwa Tanga

Likasi ni mji wa shaba. Tumekua tukiona mabomba ya moshi ya Shituru na malori yanayoelekea Kasumbalesa, na mtu akitamka neno "matanga" wengi wetu tunafikiria msiba kabla ya kufikiria chombo cha majini. Lakini maji mapana yapo karibu na nyumba zetu. Ziwa Tshangalele, ambalo wengine huliita ziwa la Lufira, lilitokea pale mto Lufira ulipozuiwa kwa bwawa huko Mwadingusha ili viwanda vya shaba vipate umeme. Kituo hicho cha umeme kilianza kazi mwaka 1930, na kiwanda cha Shituru kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1929. Ziwa hili na mji wetu ni watoto wa tumbo moja. Wavuvi wa Kapolowe hulivuka kila alfajiri kwa mitumbwi, ambayo huku kwetu tunaiita bwato, na alasiri ya kiangazi upepo unatosha kulijaza tanga bila injini wala petroli.

Mimi na mume wangu tunaweka mashua yetu ndogo huko Kapolowe. Watu wa ndoa wanaokuja kutuuliza huanza na swali lilelile: tununue chombo gani ili twende visiwani? Jibu langu huwa ni kwamba chombo cha kwendea visiwani msinunue. Nunueni kidogo cha ziwani. Jifunzeni nacho kuanzia mwezi wa tano hadi wa nane, wakati kosa linalipwa kwa nguo zilizolowa, kisha mwezi wa tisa au wa kumi mwende Kilwa, pwani ya Tanzania, mkapande mashua ya nahodha anayeijua bahari yake. Mkifuata mpango huo mtaifurahia bahari, na atakapowaambia "legeza demani", yaani kamba ya tanga, hamtakuwa mizigo mle chomboni. Mtakuwa mabaharia wawili wa ziada.

Kalenda yenyewe inatusaidia. Katanga ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, na alasiri za miezi hiyo huleta radi. Mlingoti katikati ya ziwa tambarare ndicho kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu, na radi inakijua. Miezi ya mvua msitweke tanga, hata kama anga la asubuhi ni safi. Kuanzia Mei mvua imekwisha, na upepo wa kusini-mashariki unaanza kuja kwa utaratibu: alfajiri ni shwari na baridi, hasa Juni na Julai, jua likipanda upepo nao unapanda, na jua likishuka unalegea. Huko pwani, miezi hiyohiyo kusi, yaani upepo wa kusini, huvuma kwa nguvu na bahari huchafuka. Kufikia Septemba kusi limechoka, na watu wa pwani wako katika majira wanayoyaita demani, bahari ikiwa imetulia. Ziwa likimaliza kuwafundisha, bahari nayo iko tayari kuwapokea.

Chombo cha ziwani

Tshangalele ni pana lakini si refu kwenda chini. Mahali pengi kina hakifiki mita 3, na kandokando kuna mafunjo na majani mazito. Chombo chenye mkuku mrefu chini yake kitakwama siku ya kwanza. Tafuteni mashua ya mbao yenye tumbo bapa, ya mita 5 au 6, ambayo watu wawili wanaweza kuivuta hadi nchi kavu kwa kuibingirisha juu ya magogo. Hicho ndicho kipimo changu: kama ninyi wawili, bila kuomba msaada, hamwezi kuipandisha ufukweni, ni kubwa mno kwenu.

Watu hudhani chombo kidogo ni cha maskini au cha mwoga. Lin na Larry Pardey, mke na mume ambao mabaharia wa dunia nzima wanawaheshimu, walijenga chombo chao Seraffyn kwa mikono yao, cha futi 24 tu, bila injini. Walikishusha majini mwaka 1968 na kuzunguka nacho dunia. Walifika mbali kwa sababu kila kamba ya chombo kile waliijua, na kila kilichovunjika waliweza kukitengeneza wenyewe.

Mbao tafuteni za mulombwa, mti ambao Watanzania wanauita mninga. Ni mgumu, hauvimbi sana ukilowa, na fundi seremala yeyote mzuri wa Likasi anaujua. Mukula msikubali hata mkiletewa kwa bei ya chini. Misitu yetu imekatwa vya kutosha. Mwambieni fundi aache upana wa kutosha kati ya taruma ili mtu aweze kulala kifudifudi na kuufikia ufa kwa mkono. Nyufa zinazibwa kwa kalafati, yaani pamba iliyosokotwa, ikapakwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi butu na nyundo. Kazi hii jifunzeni wenyewe, wote wawili, kwa sababu mtairudia kila mwaka.

Tanga la kwanza linaweza kushonwa kwa turubai jepesi. La pembe tatu, lililofungwa kwenye foromali, ule mti unaobeba tanga, kama wafanyavyo watu wa pwani, linafaa kuliko la mraba kwa sababu linawawezesha kwenda mbisho, yaani kupanda kuelekea upepo unakotoka kwa kukata huku na huku. Shoneni mawili: moja la kawaida, na jingine la nusu yake kwa siku ya upepo mkali. Kubadilisha tanga mkiwa bado ufukweni ni kazi ya dakika chache, na katikati ya mawimbi ni hatari.

Humo ndani muwe na makasia mawili, upondo mrefu, nanga yenye kamba ya kutosha, kopo la kufulia maji lililofungwa kwa kamba ili lisielee likaenda, na majaketi ya kuokolea mawili yanayowatosha miili yenu. Upondo upigeni alama ya rangi kila nusu mita. Huo ndio utakuwa upondo wa kusukumia, na ndiyo bildi yenu ya kupimia kina. Simu iwekeni ndani ya ndoo ndogo ya plastiki yenye kifuniko kinachobana. Mabidoni matupu ya lita tano, yaliyofungwa chini ya vikalio, yataifanya mashua ielee hata ikijaa maji. Mabidoni hayo ni ya kuiokoa mashua. Kila mtu na jaketi lake mwilini, na halivuliwi hata kama jua ni kali.

Jambo moja kuhusu maji ya kunywa nataka mlisikie vizuri. Mito inayopita kwenye viwanda vya Likasi inaishia katika Lufira na ziwa lake. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kobalti nyingi kupita kiasi katika mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, hakuondoi metali. Bebeni maji kutoka nyumbani, lita nne kwa kila mmoja kwa siku, na msiyapikie bukari maji ya ziwa. Inaniuma kuandika hivi juu ya ziwa ninalolipenda. Afadhali iniume mimi kuliko liwaumize ninyi. Penye majani mengi na maji yaliyotuama msiingie kwa miguu mitupu, maana kichocho kinaishi humo.

Kabla ya kushusha chombo, nendeni kwa chifu wa kijiji mtakachotumia ufukwe wake, kisha kwa ofisi ya serikali inayosimamia usafiri wa majini, mwandikishe mashua na mtunze karatasi mnazopewa. Waulizeni pia wavuvi wapi wameona mamba au viboko msimu huu, na wapi wametega nyavu. Bwawa la Mwadingusha lisogeleeni kwa barabara mkitaka kulitazama. Kwa mashua, hapana.

Nani ameshika nini

Kiangazi chetu cha kwanza tulipinduka. Ilikuwa Julai, alasiri, upepo umepanda, na tulikuwa tunageuza chombo kurudi Kapolowe. Mimi nilishika usukani, mume wangu alishika demani, ile kamba inayolivuta na kulilegeza tanga. Nilisema "legeza", yeye akasema "geuza", kila mmoja akaamini mwenzake anatekeleza. Hakuna aliyetekeleza. Mashua ililala upande wa demanini, upepo unakoelekea, maji yakaingia, tukajikuta tumesimama kwenye matope, maji kifuani, tumelishika tanga lililolowa. Sufuria na mbabula vilizama. Hatukuumia, lakini jioni ile njia nzima hatukusemezana.

Wahenga wetu walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na sisi tulikuwa wawili tu. Tangu siku ile tuna sheria moja: anayeshika usukani ndiye nahodha mpaka chombo kifike, na neno lake hurudiwa kwa sauti na mwenzake kabla ya kutekelezwa. Akisema "legeza demani", mwenzake hujibu "nalegeza demani", ndipo mkono unafanya kazi. Safari ikiisha tunaweza kubishana tunavyotaka. Siku inayofuata tunabadilishana.

Kubadilishana huko msikuache. Nimewaona waume wanaoshika usukani miaka yote huku mke ameketi mbele kama abiria, kikwembe amekifunga vizuri, anatazama maji. Siku mume akianguka majini, nani atageuza chombo kumfuata? Mazoezi ya kwanza ninayowapa wanaokuja kujifunza ni hayo: tupeni bidoni tupu majini, kisha mmoja peke yake ageuze, alegeze tanga, aliendee na kuliokota bila mwenzake kutia neno. Rudieni mpaka kila mmoja ameweza mara kumi. Na kabla ya hapo, wote wawili mjue kuogelea. Kama mmoja hajui, tanga lisubiri mwaka ujao.

Mengine ya uendeshaji mkono utayajua kuliko maneno yangu, lakini machache niyaseme. Demani ishikwe mkononi, isifungwe kamwe. Kwenye mashua ndogo kamba hiyo ndiyo breki: upepo ukija ghafla unaiachia, tanga linapepea, chombo kinasimama wima. Uzito wa miili yenu ukae upande wa joshini, upepo unakotoka. Mkitaka kwenda mbisho, msikaze tanga na kuelekeza omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, moja kwa moja kwenye upepo. Chombo kitasimama na kuanza kurudi nyuma. Kipeni nafasi kitembee kwanza, kisha mkigeuze kikiwa na mwendo. Mkiona maji ya mbali yamebadilika rangi na kuwa meusi, upepo uko njiani. Mna dakika chache tu za kujiandaa.

Safari ya kwanza ya kulala nje isipite usiku mmoja. Ondokeni asubuhi wakati upepo unaanza, mwelekee upande unakotoka upepo, ili kurudi kuwe rahisi mkiwa mmechoka. Makala bebeni, na mbabula iwekwe ndani ya sinia lenye mchanga. Pikeni mkiwa mmetia nanga au mko nchi kavu, kamwe si tanga likiwa juu. Kapenta wakavu, nyanya, kitunguu na unga vinatosha kwa siku mbili. Samaki wa ziwa tunawanunua kwa wavuvi mara mojamoja, na matumbo yao tunayatupa. Jioni, mkiwa mmetulia kando ya mafunjo, tazameni ndege. Katika bonde hili la Lufira anaishi mnana ambaye hakuna aliyemwona mbali na hapa. Alipatikana kwenye ziwa hili mwaka 1960, na wataalamu wakampa jina la kisayansi, Ploceus ruweti, mwaka 1982. Watalii wa ndege wanasafiri mbali kumtafuta, na sisi tunaoishi naye wengi hatujamtazama. Chandarua msisahau. Mbu wa mafunjo hawana huruma.

Kilwa mbili

Wapo watakaosema: mbona uende mpaka Tanzania, na Haut-Katanga ina Kilwa yake? Ni kweli. Kilwa ya kwetu iko kwenye ziwa Mweru, katika eneo la Pweto, na kuvuka maji kuna kisiwa kiitwacho pia Kilwa, ambacho ni cha Zambia. Mweru ni pana mno, zaidi ya kilomita za mraba 5,000, na upepo ukikaza huinua mawimbi yanayoweza kuijaza mashua ya mita 5 kwa dakika. Halafu mpaka wa nchi mbili unapita katikati ya maji bila alama yoyote, kwa hiyo kutua kwenye kisiwa bila pasipoti iliyogongwa muhuri ni kujitafutia taabu. Nawashauri mlitembelee ziwa hilo kwa kupanda vyombo vya wenyeji, na ile mashua yenu ibaki Tshangalele.

Kilwa ya pwani ndiyo ninayoisifu kwa mke na mume wanaosafiri baharini mara ya kwanza. Sababu ni maji yake. Kilwa Masoko iko bara, na mbele yake kisiwa cha Kilwa Kisiwani ni karibu sana, unaona watu wakitembea ufukweni. Kusini zaidi kuna Songo Mnara na Sanje ya Kati. Visiwa hivi, matumbawe na mikoko vinakinga ghuba, na nahodha mzuri anaweza kukutembeza siku nne au tano bila kukupeleka bahari kuu. Ni safari ya visiwa kwa kipimo cha mtu aliyezoea ziwa.

Njia kutoka Likasi ni ileile ya shaba yetu: Lubumbashi, Kasumbalesa, kuipita Zambia hadi Nakonde na Tunduma, kisha Mbeya na Dar es Salaam. Malori yanayobeba shaba kwenda bandarini yatakuwa mbele na nyuma yenu muda wote. Ukitaka reli, ile ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, inatoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, kilomita 1,860. Ulizeni kwanza kama treni ya abiria inatembea wiki hiyo. Toka Dar hadi Kilwa Masoko ni kama kilomita 300 za barabara kuelekea kusini. Kwenda na kurudi jihesabieni zaidi ya wiki moja, mbali na siku za majini. Pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano viwe karibu, na habari za viza waulizeni ubalozi kabla ya kukata tiketi, maana tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 taratibu zinabadilika.

Mkifika, jambo la kwanza ni kulipia kibali cha kuingia magofu hapo Kilwa Masoko, kabla ya kuvuka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, yakatolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati, na ada yenu inaingia katika kuyatunza.

La pili ni nahodha. Msimchukue anayewafuata kwa maneno mengi kituo cha basi. Nendeni ufukweni alfajiri, tazameni vyombo vinavyorudi, mwangalie nani anafunga kamba zake vizuri na chombo cha nani hakina maji tumboni. Msalimieni. Huku kwetu "jambo" inatosha, lakini pwani mtu mzima anaamkiwa shikamoo, naye atajibu marahaba, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Kiswahili chetu cha Katanga watakielewa, na nyie chao mtakielewa polepole. Ni lugha iliyofika kwetu kwa misafara ya biashara iliyotoka pwani hiyohiyo, enzi za Msiri wa Bunkeya, kwa hiyo mnairudisha nyumbani. Mwulizeni nahodha majaketi ya kuokolea mko nayo mangapi, mabaharia wangapi, injini ya akiba ipo, chombo kimekaguliwa lini na wakaguzi wa serikali. Akikasirika kwa maswali hayo, mshukuruni na muende kwa mwingine. Bei, chakula na idadi ya siku viandikwe kwenye karatasi kabla ya kulipa chochote, na nusu ya fedha ibaki mpaka mrudi.

Halafu mwambieni ukweli: tunatoka Likasi, tuna mashua ya mita 5 ziwani, tunataka kufanya kazi. Wengi watafurahi. Mtapewa demani, na hapo mtaijua tofauti. Tanga la mashua ya baharini linavuta mkono mpaka bega linauma.

Kitu ambacho ziwa halikuwafundisha ni maji kujaa na kupwa. Kwenye pwani hiyo tofauti inapita mita 3 wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Mahali ulipopita kwa tanga asubuhi, mchana unaweza kupita kwa miguu. Wakati wa bamvua maji hujaa alfajiri na alasiri, na kabla ya adhuhuri yamekupwa. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa katikati ya asubuhi na hayapungui sana. Kwa wageni nashauri wiki ya maji mafu, hasa kwa Songo Mnara, ambako kutua maji yakiwa yamekupwa ni kutembea kwenye matope ya mikoko. Viatu vya plastiki vya kufungwa mguuni vitawaokoa na miamba na chaza.

Siku ya Kisiwani msiiharakishe. Msikiti Mkuu, wenye kuba na nguzo za matumbawe, sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11. Husuni Kubwa, jumba la sultani lililosimama juu ya gema likitazama bahari, lina birika la kuogea la pembe nane. Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331 na kuusifu mji. Kwa mtu wa Likasi kuna jambo moja zaidi la kutazama: masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao kwa shaba. Baadhi ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na hadi leo hakuna ajuaye zilifikaje huko. Mababu zetu wa Katanga nao walisubu shaba yao kuwa misalaba ya kufanyia biashara. Sisemi shaba ya sarafu zile ilitoka kwetu. Nasema mtu aliyelelewa kwenye mji wa shaba, akizitazama, hatazitazama kama mgeni mwingine.

Kuna wanakijiji wanaoishi kando ya magofu, na ni Waislamu. Mama, jifungeni kikwembe juu ya suruali na mfunike mabega. Baba, kaptula mvae chomboni tu. Pombe isipande chomboni. Ijumaa mchana nahodha anaenda kusali, basi msipange safari saa hiyo. Mkitaka kulala kisiwani, ruhusa ni ya mwenyekiti wa kijiji, na heshima ni kununua samaki na madafu hapohapo badala ya kubeba kila kitu kutoka Masoko.

Mkibakiwa na siku na fedha, kaskazini kuna Mafia, yenye hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, na papa potwe wanaoonekana kati ya Oktoba na Februari. Lakini kufika Mafia kutoka Kilwa ni kukatiza bahari kuu. Pandeni kivuko kutoka Nyamisati, msimwombe nahodha wa Kilwa awapeleke kwa tanga. Atakayekubali kwa haraka ndiye wa kuogopwa.

Mwaka mzima na chombo

Chombo kina gharama hata kikiwa kimelala. Mlipeni mlinzi kila mwezi, kwa tarehe, na mumtembelee hata miezi ambayo hamsafiri. Mashua ya mtu asiyeonekana huanza kwa kupoteza kasia, kisha nanga, kisha mbao. Mwisho wa kiangazi hewa ni kavu sana na mbao husinyaa. Kama mashua iko nchi kavu wiki mbili bila kutumika, imwagieni maji ndani na muifunike, la sivyo siku ya kuishusha itavuja kila mahali. Tanga lioshwe, likaushwe kivulini, lining'inizwe nyumbani mbali na panya. Sisi letu linaning'inia chumba cha watoto, na hakuna aliyelalamika.

Wekeni daftari moja la chombo, la ninyi wote wawili. Kila safari iandikwe tarehe, upepo ulivyokuwa, nani alishika usukani, nini kilivunjika, fedha zilizotumika. Tuliporudi kutoka Kilwa mara ya kwanza tulifungua daftari letu la ziwa tukaona siku zote tulizogombana chomboni zilikuwa siku ambazo hatukula asubuhi. Sasa hatuondoki ufukweni bila chai na mkate.

Na mkirudi kutoka pwani msikae nyumbani mkitazama picha. Nendeni Kapolowe wiki hiyohiyo. Mvua ya kwanza huku kwetu inaweza kuanguka Oktoba, na siku hiyo mashua iwe imeshapinduliwa juu ya magogo, tumbo likitazama mbingu, mlingoti umelazwa.